Moshi wa Bi Mwavita

"Mla kodi hula na moshi." Ndivyo mlivyomsikia yule mama wa kona akimwambia mwenye nyumba wake leo, nanyi mmerudi hapa mnauliza moshi unaliwaje. Kaeni basi. Sikudhani, sogeza kigoda, na wewe Mwamini, weka simu chini kidogo. Methali hii haikutoka mbali. Ilizaliwa hapa hapa Tabora, mtaa wetu wa zamani wa Kisimani, katika nyumba iliyotazamana na yangu. Na kuzaliwa kwake kulikuwa hivi.

Palikuwa na mama mmoja akiitwa Mwavita. Mumewe alikuwa mtu wa reli, na alipofariki alimwachia nyumba kubwa ya vyumba vya kupangisha na binti mmoja, Tausi. Mwavita alikuwa mwanamke msafi mno. Baraza lake ungeweza kulimwagia mchele ukauokota usikutane na jiwe. Yeye na bintiye walikaa vyumba vya mbele, wapangaji wakakaa nyuma.

Msije mkadhani alianza kama mwenye nyumba mbaya. Mumewe alipokuwa hai, taa ikipepesa tu aliitwa fundi. Ndoo za mchanga wa kuzimia moto zilikaa ukumbini, na mtoto aliyezichezea alikiona. Mwavita naye aliendelea vivyo hivyo baada ya msiba. Ukimwambia bati linavuja, kesho yake mtu yuko juu ya paa.

Kisha akaja Nyamizi.

Nyamizi alitoka Sikonge na cherehani ya umeme, sanduku la nguo na kicheko. Hakuwa mzuri wa kupindukia, lakini alikuwa na ile hali ya watu wengine kwamba akiingia mahali, mahali panachangamka. Alipewa chumba cha pembeni. Zamani kile kilikuwa duka la marehemu, kwa hiyo kilikuwa na milango miwili: mmoja ulitokea ukumbini, na mwingine ulitokea uchochoroni, ambao wateja wa duka walikuwa wakiutumia. Dirisha lake lilikuwa dogo, lina nondo.

Kazi ya Nyamizi ilishika upesi. Sare za shule, magauni ya harusi, mashela, yote yalipita mikononi mwake. Wanawake walikuja kupitia uchochoroni, wakiingia na vitambaa na kutoka na maneno ya sifa. Haukupita muda mrefu watu wakaanza kuiita nyumba ile "kwa Nyamizi."

Siku moja nikiwa nje naanika nguo, mgeni mmoja alisimama mbele ya baraza la Mwavita akamuuliza, "Samahani mama, hapa ndipo kwa Nyamizi?"

Mwavita alikuwa anachambua mboga. Alimtazama yule mgeni, akasema, "Hapa ni kwa Mwavita. Huyo Nyamizi ni mpangaji."

Mgeni akaomba radhi, akazunguka uchochoroni. Lakini mimi niliuona mkono wa Mwavita. Alikuwa anaukata mchicha kana kwamba umemtukana.

Hata hivyo, jina la nyumba angeweza kulivumilia. Kilichomshinda ni Tausi.

Tausi alikuwa amemaliza kidato cha nne na alikuwa anakaa nyumbani. Yeye na mama yake walikuwa kama ndugu. Walisukana nywele, walicheka pamoja, walilala kitanda kimoja siku za baridi. Basi Tausi akaanza kupita chumbani kwa Nyamizi, kwanza kutazama tu. Kisha akashika sindano, akashona pindo. Kisha akawa hatoki huko mpaka aitwe kula.

Mnazijua nyumba zile za zamani. Kuta za vyumba hazifiki juu kabisa, kwa hiyo jambo la chumba hiki husikika chumba kile. Mwavita alikuwa anakaa kwake peke yake, akisikiliza kicheko cha mwanawe kikipita juu ya ukuta. Alijua sauti ile. Ilikuwa sauti aliyokuwa akichekewa yeye.

Siku moja Tausi akiwa anakula alisema, bila kufikiri, "Mama, dada Nyamizi hutia karanga kidogo kwenye kisamvu. Kinakuwa kitamu sana."

Mwavita aliondoa sahani yake kabla hajamaliza.

Na ikaja sikukuu ya Idi. Mwavita alikuwa amemnunulia bintiye gauni la buluu, akalinyoosha mwenyewe, akalitandika kitandani. Asubuhi Tausi akatoka chumbani amevaa gauni jingine, la rangi ya machungwa, walilolishona yeye na Nyamizi kwa siri ili amshangaze mama yake. Lilimkaa vizuri kweli. Alisimama mlangoni akazunguka.

"Unaonaje, mama? Mikono nimeshona mwenyewe!"

"Zuri," Mwavita alisema. Akalichukua lile la buluu akalikunja, akalirudisha sandukuni. Jambo hili alinisimulia mwenyewe miaka mingi baadaye, na hata wakati ule, alipofika hapo kwenye kukunja, alianza kukunja ncha ya khanga yake.

Tangu siku hiyo wivu ukahamia ndani yake kama mpangaji asiyetoka.

Sasa, nyaya za umeme za chumba kile ziliwekwa kwa ajili ya taa moja ya duka. Hazikuwekwa kwa cherehani na pasi. Nyamizi alianza kuona soketi ikipata joto. Kisha akaona cheche. Juu ya mlango wa ukumbini, mahali waya ulipoingilia, ukuta ulikuwa umeanza kuwa mweusi. Akamfuata Mwavita barazani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Mama, waya wa chumbani kwangu unaungua taratibu. Nimeacha kutumia pasi, lakini hata taa tu inanuka. Naomba fundi aje auangalie kabla hayajatokea makubwa."

"Nimesikia," Mwavita alisema.

Na kweli fundi aliitwa. Fundi akatazama nyumba nzima, akasema nyaya zote zimechakaa, na cha pembeni ndicho cha kuanza nacho. Mwavita akamwambia atengeneze vyumba vya mbele kwanza. Fundi alipomaliza vya mbele, akalipwa, akaagwa.

Moyoni Mwavita alikuwa akijiambia: nimtengenezee ili azidi kung'ara ndani ya nyumba yangu? Nimuwekee umeme mzuri ili mwanangu azidi kukaa huko? Na akahisi raha ndogo, ile raha chungu ya mtu anayemnyima mwenzake kitu. Nyamizi alikuwa ameuliza tena fundi akiwa bado vyumba vya mbele, na Mwavita alimtuma Tausi akamwambie kwamba fundi amesafiri.

Mara ya tatu Nyamizi alipouliza, jibu lilikuwa hili: "Kama nyumba haikufai, njia nyeupe. Waliotaka chumba hicho wapo."

Nyamizi akarudi chumbani kwake. Angehamia wapi, na wateja wameshajua njia ya pale?

Halafu likafuata jambo la mlango. Asubuhi moja wateja walifika uchochoroni wakakuta kufuli kubwa limening'inia nje. Mwavita alisema ni kwa sababu ya wezi. Mtaa mzima haukuwa umeibiwa hata kuku.

"Mama," Nyamizi alimwambia, "huu mlango wa ukumbini uko chini ya ule waya mbovu. Kukitokea hatari nitatokea wapi?"

"Utatokea wanakotokea wenzako wote. Mlango wa mbele upo. Watu wako wapite mbele yangu, nami niwaone."

Ufunguo wa kufuli lile akaufunga kwenye pindo la khanga yake. Tausi alipouomba, aliambiwa, "Umekuwa msemaji wa Nyamizi?" Naye hakuuomba tena.

Moto ulikuja mchana, wakati wa kiangazi, siku ambayo umeme ulikatika tangu asubuhi. Mwavita alikuwa amemaliza kuswali adhuhuri, ameketi barazani. Wapangaji wengine walikuwa makazini. Umeme ukarudi kwa nguvu, redio za mtaani zikalia zote kwa pamoja. Mimi nilikuwa jikoni kwangu, nikasikia kishindo kama cha chupa kupasuka, kisha nikaona moshi ukitoka chini ya bati la pembeni.

"Moto! Moto kwa Mwavita!"

Watu wakatoka. Wengine na ndoo, wengine mikono mitupu. Mwavita alisimama akakimbilia ukumbini, lakini hakufika mbali. Ule waya wa juu ya mlango wa Nyamizi ulikuwa umewasha dari, dari limeanguka mlangoni, na ukumbi umejaa moto mpaka kwenye pazia. Ndoo za mchanga zilikuwa bado pale ukutani, lakini mchanga ulikuwa umetolewa zamani kujengea jiko. Akarudi nje anakohoa.

Mtu mmoja akapiga kelele, "Nyamizi yumo ndani! Nasikia anagonga!"

Na mwanamke mwingine akasema maneno ambayo sitayasahau: "Na Tausi je? Si alikuwa naye humo sasa hivi?"

Wajukuu zangu, sijawahi kumwona mtu akikimbia vile. Alizunguka uchochoroni, khanga imemvuka kichwani, anahangaika na lile pindo. Alikuwa amelifunga fundo gumu ili ufunguo usipotee, na sasa fundo lilikataa kufunguka. Akalitafuna kwa meno. Ndani kulikuwa kunagongwa, kisha kugonga kukawa kwa taratibu. Kisha kukanyamaza.

Fundo likaachia. Kufuli likafunguka. Mlango ulipovutwa, moshi ulitoka kama kitu kilichokuwa kinasubiri. Wanaume wakamshika.

"Mama, usiingie! Zimamoto wameshaitwa!"

"Niacheni! Mwanangu yumo!"

Akawaponyoka akaingia. Tulimsikia akiita, "Tausi! Tausi! Mwanangu, nipe mkono!" Sauti ikawa inakwama, inakatika, inaanza tena. "Tausi, nipe mkono!" Halafu hatukusikia kitu ila bati likilia kwa joto.

Nilikuwa nimeshaanza kuomba dua ya maiti alipotokea kizingitini akirudi kinyumenyume, ameinama, anamburuta mtu kwa mkono. Wanaume wakawadaka wote wawili, wakawalaza upande wa pili wa uchochoro. Mwavita hakuuachia ule mkono. Alitambaa, akaushika uso uliojaa masizi, akaufuta kwa khanga yake huku analia, "Tausi, mama yako niko hapa. Fumbua macho, mwanangu."

Macho yakafumbuka. Yalikuwa ya Nyamizi.

Wakati huo huo, watu nyuma wakapisha, na Tausi akaja mbio, mkononi ana mfuko wa uzi na vifungo. Nyamizi alikuwa amemtuma dukani, naye alitoka mama yake akiwa kwenye mkeka wa swala. "Mama!" alilia. "Dada Nyamizi!"

Mwavita alimtazama bintiye. Kisha akautazama ule mkono aliokuwa ameushika. Akauachia ghafla, kama mtu aliyeshika sufuria ya moto. Kila mtu aliona.

Zimamoto walifika wakauzima moto kabla haujala nyumba yote. Upande wa pembeni ulibaki kuta. Nyamizi alipelekwa hospitali, mgongo na bega vimeungua. Cherehani ilikuwa imekuwa donge. Mwavita hakuungua, lakini moshi ulimwingia kooni. Sauti yake, iliyokuwa nyororo hata alipokuwa anagomba, ikakwaruza kama mlango usio na mafuta, na haikurudi tena maisha yake yote.

Nyamizi alipopata nafuu, shauri lilipelekwa kwa mwenyekiti wa mtaa, Mzee Sizya. Tulijaa pale ofisini mpaka madirishani. Mwavita ndiye aliyeanza kusema.

"Cherehani ni yake," alisema kwa ile sauti yake mpya. "Vitambaa ni vyake. Chumba alikuwa anakaa yeye. Moto ni wake. Mimi nimeharibiwa nyumba."

Afisa wa zimamoto aliyeitwa pale alisema moto haukuanzia kwenye cherehani. Ulianzia kwenye waya uliokuwa juu ya mlango, ndani ya ukuta.

"Waya huo ulikuwa na ubovu kabla?" Mzee Sizya aliuliza.

"Sikuambiwa," Mwavita alisema.

Hapo Tausi akasimama. Alikuwa amekaa kando ya mama yake, naye alisimama huku bado ameshika ncha ya khanga ya mama yake, kama mtoto mdogo.

"Mama, uliambiwa," alisema. "Ulinituma mimi nikamwambie dada Nyamizi kwamba fundi amesafiri. Na fundi alikuwa chumbani kwetu, anafunga taa."

Mwavita hakumtazama bintiye.

"Na mlango wa uchochoroni, Bi Mwavita?" Mzee Sizya aliuliza taratibu. "Ulifungiwa nini?"

"Wezi..." alianza. Kikohozi kikamshika. Alikohoa muda mrefu, na kilipoisha, kitu fulani kilikuwa kimemwisha nacho.

"Hapakuwa na wezi," akasema. "Niliufunga kwa wivu. Nyumba yangu iliitwa kwa jina lake. Mwanangu alicheka zaidi kule kuliko alivyocheka kwangu. Nikasema, waya nisiutengeneze, mlango niufunge, atachoka aende. Sikutaka aungue. Nilitaka aondoke tu." Akawageukia watu waliojaa madirishani. "Na mnaponisifu kwamba niliingia motoni kumwokoa, acheni. Sikuingia kwa ajili yake. Ningejua ni yeye, sijui kama ningeingia."

Watu waliguna. Mama mmoja nyuma akasema, "Astaghfirullahi!"

Nyamizi alikuwa amekaa upande mmoja wa benchi kwa sababu ya mgongo. Alisema bila kupandisha sauti, "Najua, mama."

"Unajua nini?"

"Nilikusikia ukiita jina la Tausi. Nilikuwa chini, sioni kitu. Nilitaka kukujibu kwamba Tausi hayumo. Nikaogopa. Nikasema moyoni, akijua ni mimi, ataniacha." Akajiweka sawa kwenye benchi. "Kwa hiyo sikusema. Nilinyoosha mkono tu."

Mwavita alijifunika uso kwa khanga. Sijui kama mnaelewa, wajukuu zangu. Angetukanwa na mtaa mzima angevumilia. Lakini kujua kwamba mtu aliyelala ndani ya moto, ndani ya nyumba yako, akiwa mpangaji wako, aliogopa kukuambia jina lake! Hilo ndilo lililomvunja.

Mzee Sizya akasema, "Bi Mwavita, mpangaji ana wajibu wake, na huyu aliutimiza: aliona hatari akasema, tena akarudia. Lakini kodi ya chumba kile ilikuwa inaliwa na nani?"

"Na mimi."

"Waya ulio ndani ya ukuta ni wa nani?"

"Wangu."

"Mlango ni wa nani? Na ufunguo ulikuwa kwa nani?"

"Wangu. Kwangu."

"Basi moshi ni wa nani?"

Mwavita akatoa khanga usoni. "Moshi ni wangu, mzee," alisema, akijishika koo. "Nimeshaula."

Ikaamuliwa amtibu Nyamizi na kumnunulia cherehani nyingine, na asipangishe tena mpaka nyumba iwe salama kwa binadamu kukaa. Aliyafanya yote bila kusukumwa. Aliuza shamba la mumewe kule Itetemia. Nyaya zikang'olewa zote, kuanzia chumba cha pembeni. Mlango wa uchochoroni ukawekwa komeo la ndani, la kufunguliwa na aliyemo. Nondo za madirisha zikatengenezwa ziweze kusukumwa nje. Mchanga ukarudi ndooni.

Nyamizi hakurudi kukaa pale. Alipanga mtaa wa pili, na Tausi akawa anakwenda kwake kila asubuhi kushona. Nisiwadanganye kwamba wivu wa Mwavita uliisha. Nilimwona mara nyingi akisimama barazani akimsindikiza bintiye kwa macho mpaka anapotea kwenye kona, na uso wake ulikuwa ule ule wa kukata mchicha. Ila siku za Idi yeye ndiye aliyebeba sahani ya pilau kumpelekea Nyamizi, kwa mkono wake mwenyewe. Walikuwa wanaongea machache. Sikuwahi kuwasikia wakicheka pamoja.

Mtaani, vijana walianza kumzomea kwa yale maneno ya ofisini: mla kodi, mla moshi. Walidhani wanamuumiza. Yeye akayachukua maneno yale akayafanya yake.

Mwaka mmoja bwana mmoja, Kiyungi, alijenga karibu nasi safu ya vyumba vya kupangisha. Vyumba vingi, ukumbi mwembamba, mlango mmoja tu, na nyaya zimening'inia kama mizizi. Mwavita alikuwa mzee tayari. Alijikongoja mpaka pale, akasimama akatazama juu, akatazama chini, akamwambia, "Bwana, watu wako watatokea wapi?"

Kiyungi akacheka. "Mama, nyumba yangu inakuhusu nini wewe?"

"Hainihusu," Mwavita alisema kwa ile sauti iliyokwaruza, hata mafundi wakaacha nyundo ili wamsikie. "Ninalihurumia koo lako. Mla kodi hula na moshi."